Malaria Sugu: Historia Yetu Ndani ya Kimelea

Nimekulia Engutoto, na kwa sisi watoto wa Arusha wa miaka ya tisini malaria ilikuwa kitu unachorudi nacho kutoka safari, kama vile mkungu wa ndizi au gunia la mchele. Mji uko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Mlima Meru unatuletea baridi usiku, na wazee walisema bila wasiwasi kwamba hapa kwetu malaria haipo. Walikuwa karibu na ukweli, ingawa hawakuufikia. Malaria ilikuwa Mto wa Mbu, ambako bibi yangu alikuwa na shamba la ndizi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Jina la mahali lenyewe ni onyo, lakini mtoto wa darasa la tatu haogopi jina. Nilikwenda likizo ya Desemba, nikala, nikaoga mtoni, na wiki mbili baada ya kurudi nyumbani nikaanza kutetemeka juani.

Waliomeza klorokwini utotoni hawahitaji maelezo yangu. Uchungu wake ulikaa kooni hadi kesho yake. Halafu usiku ukaja muwasho: nyayo, viganja, kichwa, mahali ambapo kucha hazifiki. Mama alikaa nami na kitambaa chenye maji, akinifuta mgongo na kuniambia nisijikune. Homa ikashuka. Baada ya wiki mbili ikarudi. Kwenye zahanati mganga alitazama kadi yangu, akamtazama mama, akasema, "Hii sasa ni malaria sugu, mama." Nikapewa klorokwini tena.

Neno lile lilinikaa. Sugu nilizozijua mimi zilikuwa kwenye viganja vya bibi, kwa ajili ya jembe. (Yule Sugu wa Mbeya na maikrofoni yake nilimfahamu baadaye kidogo.) Nikaamini kwamba malaria ikikupiga mara nyingi, mwili wako huota ngozi ngumu ndani, na dawa ikifika inateleza. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla sijaelewa kwamba sugu ilikuwapo kweli, ila haikuwa mwilini mwangu. Ilikuwa kwenye kimelea.

Naandika haya kwa sababu ya Kagera. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na wenzao, Deus Ishengoma akiwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, walichapisha ushahidi kwamba katika wilaya ya Karagwe kuna vimelea vya malaria ambavyo vimeanza kuzizoea dawa za jamii ya artemisinini, yaani moyo wa dawa mseto tunayoimeza nchi nzima. Habari hiyo ilipita magazetini kwa siku mbili hivi, ikafunikwa na siasa. Mimi iliniudhi, nikaanza kusoma nyuma. Nilichokikuta ni historia ya Afrika Mashariki ambayo sikufundishwa darasani: ya dawa tulizopewa, lini tulipewa, na nani alichelewa. Imehifadhiwa ndani ya kijidudu kisichoonekana kwa macho.

Wasomaji wa tenzi wataielewa mbinu yake haraka kuliko wanafunzi wa baiolojia. Utenzi wa zamani wa pwani ulinakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, na kila mnakili alikosea mahali. Mmoja aliruka neno, mwingine aliandika herufi moja badala ya nyingine. Ukiwa na nakala kumi za utenzi uleule, moja ya Lamu na nyingine ya Mombasa, na zote zina kosa lilelile kwenye ubeti wa arobaini, unajua zimetokana na nakala moja. Na kama maneno yanayolizunguka kosa hilo, kulia na kushoto, yanafanana pia hadi kwenye vituko vidogovidogo, basi huna shaka tena. Lakini kama kosa ni lilelile na mazingira yake ni tofauti kabisa, inawezekana wanakili wawili wasiojuana walijikwaa kwenye jiwe moja.

Basi kimelea nacho hunakiliwa. Kila kinapozaliana ndani ya damu, maandishi yake ya urithi hunakiliwa upya, mara mabilioni kwa mgonjwa mmoja, na makosa hutokea. Mengi hayana maana, mengine hukiua. Mara chache sana kosa moja hukitokea kuwa bahati, kwa sababu damu ile ina dawa.

Maandishi kamili ya Plasmodium falciparum, kimelea kinachoua kuliko ndugu zake wote, yalichapishwa kwenye jarida la Nature Oktoba 2002. Kromosomu 14, herufi zipatazo milioni 23, jeni zaidi ya 5,000. Ni maandishi ya ajabu. Alfabeti ina herufi nne, A, T, G na C, lakini kama asilimia 80 ya kitabu kizima ni A na T tu, kana kwamba mashine ya chapa iliharibika vitufe viwili na mwandishi akaendelea hivyohivyo.

Hata nakala iliyosomwa ina kisa chake. Inaitwa 3D7, na ilitengwa Edinburgh kutoka kwenye sampuli iliyopewa jina NF54. Sampuli ile ilitoka kwa mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, mtu ambaye hakuwahi kutoka nje ya nchi yake. Mbu alishuka na ndege, akamuuma, akafa zake. Inaaminika kimelea kile asili yake ni Afrika. Kwa hiyo msahafu ambao maabara zote za dunia zinausoma kama nakala rasmi ya malaria ni wa msafiri asiye na pasipoti, aliyeteremka Ulaya bila kujulikana ametoka kijiji gani.

Hilo lina matokeo kwa watoto wetu. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilitengenezwa kwa kufuata protini ya NF54. Ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto wachanga na wadogo 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na kwetu vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Baadaye watafiti walisoma vimelea vya watoto waliougua licha ya chanjo. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, katika mwaka wa kwanza chanjo iliwakinga kwa kiasi cha asilimia 50 dhidi ya vimelea vyenye maandishi yanayofanana na ya chanjo, na asilimia 33 tu dhidi ya vyenye maandishi tofauti. Chanjo iliandikwa kwa lahaja moja, na vijijini Korogwe malaria inaongea lahaja nyingi.

Turudi kwenye klorokwini yangu. Iliundwa Ujerumani mwaka 1934, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa dawa ya dunia nzima kwa sababu ilikuwa rahisi, ya bei ndogo, na ilifanya kazi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na katika kula huko hubaki mabaki yenye sumu, ambayo chenyewe huyagandisha kuwa fuwele ili yasikidhuru. Klorokwini huingia kwenye hicho kijitumbo chake na kuzuia kuganda huko. Kimelea hufa kwa taka zake mwenyewe. Kwa miaka mingi mpango huo haukushindwa.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya hamsini, klorokwini ikaanza kushindwa katika mpaka wa Thailand na Kambodia, na karibu wakati uleule Kolombia. Afrika ilikaa salama kwa miaka ishirini hivi. Wagonjwa wa kwanza wa Afrika kuthibitishwa kuwa na vimelea visivyosikia dawa waliambukizwa Kenya na Tanzania, mwaka 1978 na 1979, na waliogunduliwa mwanzo walikuwa wageni waliokuja kutembea na kurudi kwao na homa isiyoshuka. Wenyeji, kinga zao zikiwasaidia kidogo, waliendelea kumeza na kuambiwa wana malaria sugu.

Kosa lenyewe lilipatikana mwaka 2000, kwenye kromosomu ya 7, katika jeni inayoitwa pfcrt. Mahali pa 76 katika protini yake, tofali moja limebadilishwa na lingine. Kwa badiliko hilo, likisindikizwa na mengine machache, mlango wa kijitumbo kile huweza kuitoa klorokwini nje kabla haijafanya kazi. Watafiti walipotazama maandishi yanayoizunguka jeni hiyo katika vimelea vya Afrika, waliyakuta ni yaleyale ya Asia ya Kusini-Mashariki. Usugu wa klorokwini wa Afrika haukuzaliwa Afrika. Ulivuka bahari, ukaingia kwetu upande wa mashariki, ukatembea hadi Senegali, na huko vifo vya watoto kwa malaria viliongezeka mara kadhaa baada ya kuwasili kwake.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza, kwa sababu tarehe hazifichiki. 1979 ilijulikana. Tanzania ilibadilisha dawa rasmi ya malaria mwaka 2001. Mimi nilimezeshwa klorokwini kwa mara ya pili katikati ya kipindi hicho, na mwishoni mwake, katika vituo kadhaa vilivyokuwa vikifuatilia, dawa ilikuwa ikishindwa kwa karibu nusu ya watoto. Zipo sababu za haki: dawa mbadala ilikuwa ghali zaidi, haikuwa na uhakika wa kudumu, na klorokwini bado ilimshusha homa mtu mwenye kinga. Nazielewa. Lakini kila mwaka wa kusubiri una watoto wake, na hao hawakuandikwa popote isipokuwa kwenye vitabu vya zahanati ambavyo vingi vimeliwa na mchwa.

Dawa iliyofuata, SP, wengi wanaikumbuka kwa jina la Fansidar. Mtu mzima alimeza vidonge vitatu mara moja, basi, umemaliza. Sisi tuliokuwa tumeteswa na muwasho tulishangilia. Magazeti hayakushangilia. Yaliandika sana kuhusu watu waliobabuka ngozi, madhara ambayo yapo kweli ila ni ya nadra mno, na baadhi ya wazazi wakaogopa kuwapa watoto. Nasema hili kama mtu wa magazeti: tulikuwa na habari kubwa zaidi iliyokuwa imelala Muheza kwa nusu karne, na hatukuiona.

Habari yenyewe ni hii. SP ni dawa mbili katika kidonge kimoja, na mojawapo ni pairimethamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 dawa hiyo ikiwa peke yake, chini ya jina la Daraprim, iligawiwa kwa watu wote katika kijiji cha Mkuzi, Muheza, mkoa wa Tanga. Jambo lenyewe lilikuwa zuri kwenye karatasi: kila mtu ameze kinga, malaria iishe. Baada ya miezi michache vimelea vikaacha kusikia. David Clyde na Shute walichapisha matokeo hayo mwaka 1954. Clyde huyo ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha malaria Tanzania, kilichotoka 1967, na miaka ya sabini huko Maryland, Marekani, alijitolea mwili wake kung'atwa na maelfu ya mbu waliopigwa mionzi, akijaribu kama chanjo inawezekana. Mtu wa ajabu, na namheshimu. Ila nikisoma kazi zile za Mkuzi najiuliza kuhusu vijana wa Kibondei na Kisambaa waliokwenda nyumba kwa nyumba, wakachoma vidole, wakakaa kwenye darubini mchana kutwa wakihesabu vimelea kwa jicho moja. Bila wao hakuna aliyejua kwamba dawa imeshindwa. Kwenye kichwa cha makala kuna majina ya Clyde na Shute.

Kwa hiyo ilijulikana tangu zamani, na ilijulikana hapa kwetu, kwamba kimelea kinaweza kuishinda pairimethamini ndani ya miezi. Ndiyo maana wataalamu walipoleta SP mwaka 2001 waliiita ya muda. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hawakulitarajia. Mwaka 2003 na 2004, Cally Roper na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa kulinganisha vimelea vya kaskazini mwa Tanzania na vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kisha vya Asia. Vimelea vyenye usugu mkubwa vilikuwa na mabadiliko matatu kwenye jeni moja. Maeneo hayo mawili ya Afrika yako mbalimbali kwa maelfu ya kilomita, lakini maandishi yanayozunguka makosa hayo matatu yalikuwa ya ukoo mmoja. Na ukoo huo ulikuwa wa Asia ya Kusini-Mashariki.

Nililisoma hilo mara mbili. Mkuzi ilizaa usugu wake yenyewe, wa nyumbani, lakini uliokuja kuitawala Afrika haukuwa wa Mkuzi. Ulikuwa mgeni tena, wa njia ileile ya klorokwini. Ni vigumu kwa kimelea kukosea mara tatu kwa namna inayokifaa na bado kiishi, kwa hiyo nakala moja iliyofanikiwa mahali pamoja ilitosha kusambaa mabara mawili. Ilisafirije? Ndani ya damu ya mtu, bila shaka. Askari, mfanyabiashara, mwanafunzi, baharia. Jina lake halipo, na sidhani kama angependa lijulikane.

Malawi ilitangulia wote kuacha klorokwini, mwaka 1993. Miaka michache baadaye vimelea vyenye sugu vilianza kutoweka huko, na utafiti uliochapishwa 2006 uliwatibu watoto wa Blantyre kwa klorokwini ileile iliyokuwa imezikwa. Karibu wote walipona. Mlango unaoitoa dawa nje una gharama: kimelea chenye nao hula kwa shida, na dawa isipokuwapo, ndugu zake wa zamani humshinda. Nchini kwetu pia, baada ya 2001, maandishi ya zamani yalirudi. Hiki ndicho kisa pekee cha furaha katika historia nzima, nami nakipitia haraka kwa sababu hakuna aliyekipanga.

Dawa mseto ilikuja mwishoni mwa 2006, na hadithi yake inaanzia kwenye kitabu. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini waliokuwa wakiangushwa na malaria kuliko mabomu. Tu Youyou na timu yake walichimba vitabu vya tiba vya kale. Mmea wa qinghao ulikuwa unaonyesha matumaini, halafu unashindwa. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, mtu wa karne ya 4, akagundua kitu ambacho wasomaji wa haraka walikipita: Ge Hong aliagiza mmea uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Hakusema uchemshwe. Moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Akatumia etha, isiyohitaji joto kali, na artemisinini ikapatikana. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2015. Mtu akikuuliza kusoma kwa makini kuna faida gani, una mfano.

Mmea huohuo umelimwa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa Arusha walilima artemisia kwa mkataba, majani yakakaushwa na kupelekwa Athi River, Kenya, kukamuliwa. Bei ya dunia ilipanda, halafu ikaanguka, mambo ya mazao ya biashara tunayajua. Arusha ina uhusiano wa ajabu na ugonjwa ambao wenyeji wake wanadai hawana. Ngaramtoni kuna taasisi iliyochunguza viuatilifu vya kuulia mbu tangu enzi za ukoloni. Kisongo kuna kiwanda cha A to Z, ambacho tangu 2003 kimetengeneza vyandarua vya Olyset vinavyotundikwa vitandani barani kote. Tunatengeneza ngao, tunalima dawa, tunalala bila chandarua.

Dawa mseto ni mchanganyiko wa makusudi. Artemisinini hupiga haraka na kuondoka damuni haraka. Mwenzake, kwetu ni lumefantrini, hubaki nyuma kumalizia. Wazo ni kwamba kimelea kikikosea kwa bahati dhidi ya mmoja, wa pili atakikamata. Lakini Kambodia, palepale tena, artemisinini ilianza kuchelewa kusafisha damu. Mwaka 2014 jeni inayohusika ilitajwa: kelch13. Dunia ikasimama mlangoni kusubiri. Klorokwini ilitoka Asia, SP ilitoka Asia, basi na huu utakuja kwa njia hiyohiyo. Fedha nyingi zikamiminwa huko Mekong ili kuuzima kabla haujasafiri.

Mwaka 2020 Rwanda ikasoma vimelea vyake. Mabadiliko yalikuwamo kwenye kelch13, mahali pa 561, na badiliko hilohilo liliwahi kuonekana Asia. Wakasoma maandishi ya kulia na kushoto. Hayakuwa ya Asia. Lilikuwa limezaliwa hapa. Uganda kaskazini wakakuta ya kwao, mahali pengine kwenye jeni ileile. Eritrea wakakuta ya kwao. Halafu Kagera, inayopakana na Rwanda na Uganda, ikakutwa na la mahali pa 561, nalo si la ukoo wa Asia. Wakati walinzi wote wanatazama bandarini, mtoto amezaliwa ndani ya nyumba.

Niliweke sawa, nisije nikawa kama yale magazeti ya 2001. Wanachokiita usugu huu ni wa sehemu. Karagwe, baadhi ya wagonjwa walikuwa bado na vimelea siku ya tatu ya dozi, wakati damu ilipaswa kuwa safi, lakini kwa jumla dawa mseto iliponya. Lumefantrini bado inashika zamu. Hofu ni siku atakapochoka na yeye, kwa kuwa sasa anabeba mzigo wa wawili.

Kinachonipa moyo ni nani anayesoma. Kwa miongo mingi sampuli za damu zetu ziligandishwa, zikapanda ndege kwenda Ulaya, na matokeo yakarudi kama makala za Kiingereza. Sasa NIMR ina mradi wa kufuatilia vinasaba vya malaria nchi nzima, ulioanza 2021, na vijana wa Kitanzania wanakaa mbele ya mashine na kompyuta wakisoma herufi hizo wenyewe. Kinachonivunja moyo ni namna tunavyowatunza vijana wa aina hii. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alifanya kazi kwenye maabara ya namna hiyo, si hiyo niliyoitaja. Mkataba wa mwaka mmoja, ukaongezwa, ukaongezwa tena, halafu mfadhili akamaliza mzunguko wake. Kila mwaka alijaza fomu ya tathmini ya utendaji: sampuli ngapi umechakata, umefika kwa wakati, unashirikiana na wenzako. "Hakuna mahali pa kuandika umeona nini," aliniambia. Alikuwa mtu anayeweza kutazama mstari wa herufi na kukwambia hapa pana kitu si cha kawaida. Sasa anauza vifaa vya maabara, analipwa vizuri, na ukimuuliza kuhusu kelch13 anabadilisha mazungumzo. Vijana wa Mkuzi walikosa majina. Huyu ana jina na shahada ya pili, amekosa mkataba. Na mabadiliko ya kimelea hayasubiri bajeti ipite.

Nami sina usafi wa kuwanyooshea wengine vidole. Nikiwa chuo, Dar es Salaam, niliugua malaria ya kweli, ile ya kuona dari inashuka. Nikapewa dawa mseto, vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Baada ya dozi tatu nilikuwa naweza kula chipsi. Vilivyobaki 12 nikaviweka kwenye begi. Wiki iliyofuata mwenzangu wa chumba akaanza kuumwa kichwa, hana hela, hajapima, nikampa. Tuligawana dozi moja watu wawili na tukajisifu kwa undugu. Ukitaka kukilea kimelea sugu, ukitaka kukipa dawa kiasi cha kukifundisha bila kukiua, utafanya kama tulivyofanya sisi. Siwezi kujua kama chumba kile kiliacha alama yoyote kwenye maandishi ya kimelea chochote. Yaelekea hapana. Ila Karagwe ilianza kwa mtu mmoja, ndani ya damu moja, na huyo naye pengine alijisikia nafuu siku ya pili.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Engutoto. Mama aliniomba nimtafutie miwani yake kwenye droo ya kabati la vyombo. Chini ya risiti za umeme nikakuta karatasi ya dawa mseto, nusu yake imetobolewa, nusu imejaa. Nikamwuliza, "Mama, hii ni ya nani?"

"Ya mdogo wako," akasema kutoka jikoni. "Alipata nafuu mapema, nikamtunzia. Si anakwenda Mto wa Mbu wiki ijayo?"